Kutoka Ruhr hadi Shinkolobwe: jinsi watu walivyojifunza kutoa sumu ndani ya maji ya viwanda

LIKASI, Haut-Katanga. – Hapa kwetu mtoto hujifunza mapema kwamba maji yana rangi nyingi. Kuna maji ya kunywa, kuna maji ya mvua yenye udongo mwekundu, na kuna maji ya buluu-kijani yanayotoka upande wa viwanda, ambayo mama humkataza asiyaguse. Mji wetu ulizaliwa na shaba. Tangu 1929 mitambo ya Shituru inayeyusha mawe ya shaba kwa asidi, na kilomita karibu 20 kutoka hapa iko Shinkolobwe, mgodi ambao jina lake lilijulikana Marekani mbele ya sisi wenyewe kuelewa kilichokuwa kinachimbwa.

Kila mara kunapotokea habari ya mto uliochafuka, wakaaji huuliza neno moja: hakuna dawa ya kusafisha maji ya kiwanda? Ndugu wasomaji, dawa ziko, na moja yao ina historia ndefu inayopita katika udongo wetu. Ni kazi ya kutoa sumu ndani ya maji kwa kutumia kimiminiko kingine kisichochanganyika na maji. Tumeamua kuisimulia historia hiyo, kwa sababu inafundisha jambo ambalo kila mtu anayeishi chini ya mto anapaswa kulijua: mara nyingi sumu ilitolewa ndani ya maji pale ilipokuwa na bei sokoni, au pale watu wa chini ya mto walipokuwa na sauti.

Somo la jikoni

Tuanze jikoni. Mama akitia mafuta ya mawese na pilipili ndani ya sufuria yenye maji, mafuta hupanda juu na maji hukaa chini. Lakini ukali wa pilipili haubaki wote ndani ya maji. Sehemu kubwa inahamia ndani ya mafuta, kwa sababu inapenda mafuta kuliko maji. Ukiteka mafuta yale kwa kijiko, umeteka na ukali wake.

Viwanda hufanya vivyo hivyo. Maji machafu yanakutanishwa na kiyeyushi, yaani kimiminiko cha aina ya mafuta kinachopendwa na ile sumu. Sumu inahama. Kiisha vimiminiko viwili vinaachwa vitulie, kimoja kinakaa juu na kingine chini, halafu vinatenganishwa. Mwishoni sumu inatolewa ndani ya kiyeyushi, na kiyeyushi kinarudi kazini tena.

Mjerumani Walther Nernst alieleza kanuni ya jambo hili mwaka 1891. Alionyesha kwamba kitu kinapogawanyika kati ya vimiminiko viwili, kinagawanyika kwa uwiano maalumu. Maana yake ni kwamba kukutanisha mara moja hakumalizi kazi. Tuseme kila mara nusu ya sumu inahama. Mara ya kwanza inabaki nusu, mara ya pili robo, na mara ya tano inabaki sehemu moja tu kati ya 32. Kwa hiyo siri ya kazi hii ni kurudia, na kurudia kwa kiyeyushi kisafi. Ndiyo sababu wahandisi walijenga minara: maji machafu yanaingia juu na kushuka, kiyeyushi chepesi kinaingia chini na kupanda, na njiani vinakutana mara nyingi bila kusimama.

Ruhr: samaki wenye ladha ya dawa

Mahali ambapo njia hii ilipata kazi kubwa ya kusafisha maji ni bonde la Ruhr, Ujerumani, nchi ya makaa ya mawe na chuma. Huko kulikuwa na matanuru ya kuoka makaa ili kupata koki, ile ambayo hata matanuru yetu ya shaba ya Lubumbashi yaliihitaji tangu 1911. Makaa yakiokwa hutoa gesi, na maji yanayopoza gesi hiyo hubeba fenoli. Fenoli ni dawa kali ya kuua vijidudu. Hospitali za zamani ziliitumia sana. Ndani ya mto ni sumu. Hata kidogo sana, ikikutana na klorini ya kusafishia maji ya kunywa, hutoa ladha mbaya ambayo mtu hawezi kuivumilia.

Wajerumani wa Ruhr walikuwa wamefanya uamuzi mgumu. Mwaka 1899 viwanda, migodi na miji iliunda shirika moja la kusimamia mto Emscher, linaloitwa Emschergenossenschaft. Mto Ruhr ulilindwa kwa maji ya kunywa. Mto Emscher ukatolewa uwe mfereji wa uchafu, wazi kabisa, kwa sababu ardhi iliyochimbwa chini ilikuwa inazama na mabomba ya chini yangevunjika. Lakini Emscher unaingia mto Rhine, na Rhine unaendelea hadi Uholanzi. Wavuvi wa chini walianza kulalamika kwamba samaki wao walikuwa na ladha ya fenoli na hakuna aliyetaka kuwanunua.

Katika miaka ya 1920 shirika la Emscher likaanza kujenga mitambo ya kutoa fenoli. Njia ilikuwa rahisi kuelewa. Maji machafu yalikutanishwa na benzeni, ambayo ilipatikana palepale katika matanuru ya koki. Fenoli ikahamia ndani ya benzeni. Kiisha benzeni ikaoshwa kwa soda kostiki, ile wanayoijua watengeneza sabuni wa kwetu; soda ikaikamata fenoli, na benzeni ikarudi kazini.

Hapa ndipo penye somo. Fenoli haikutupwa. Iliuzwa, kwa sababu wakati huo ilikuwa inahitajiwa kwa kutengeneza dawa na bakelaiti, plastiki ngumu iliyobuniwa na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji, mwanzoni mwa karne ya 20. Uchafu uliokuwa unaua samaki ulikuwa pia mali. Malalamiko ya wavuvi yalifungua mlango, na bei ya fenoli ikasaidia kulipa gharama. Baadaye njia zilizofanana na hiyo zilifika hata barani mwetu: mitambo ya Sasol ya Afrika Kusini, inayotengeneza mafuta kwa makaa ya mawe, hutoa fenoli ndani ya maji yake kwa kiyeyushi.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Emscher wenyewe uliendelea kuwa mfereji wa kinyesi na maji ya viwanda kwa miaka mingi. Kazi ya kuurudishia uhai ilianza mwaka 1992, ikagharimu zaidi ya euro bilioni 5, na mwisho wa 2021 tu ndipo mto ule ukaacha kubeba maji machafu. Migodi mingi ya makaa ilikuwa imekwisha kufungwa. Watoto ndio waliolipa deni la babu zao.

Shinkolobwe na eta ya St. Louis

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp aligundua madini ya uraniamu Shinkolobwe. Kampuni ya Union Minière ya Wabelgiji, iliyoundwa 1906, ilianza kuyachimba miaka ya 1920 kwa ajili ya radiamu, iliyokuwa ghali kupita dhahabu. Uraniamu wenyewe ulikuwa karibu mabaki.

Vita vilipofika, mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mwaka 1940. Yalikuwa mawe ya ajabu: wastani wa asilimia 65 ilikuwa oksidi ya uraniamu, wakati migodi mingi duniani ina chini ya asilimia moja. Septemba 1942 jeshi la Marekani liliyanunua. Sehemu kubwa ya uraniamu wa kazi ile ya siri, iliyotoa mabomu ya 1945, ilitoka kwetu.

Lakini uraniamu wa kazi hiyo ulipaswa kuwa safi sana. Mfaransa Eugène Péligot alikuwa ameona tangu 1842 kwamba chumvi moja ya uraniamu inayeyuka ndani ya eta, na uchafu mwingi unabaki ndani ya maji. Mwaka 1942 kiwanda cha Mallinckrodt mjini St. Louis kiliombwa kuifanya kazi hiyo kwa wingi. Eta hushika moto haraka mno, na ilikuwa kazi ya hatari katikati ya mji. Hata hivyo katika miezi michache walifikia kutoa tani moja ya uraniamu safi kwa siku. Miaka iliyofuata mawe ya Shinkolobwe yalipita mikononi mwao.

Tazama sasa upande wa pili wa hesabu. Kiyeyushi kilichukua kilichohitajiwa. Mabaki yakatafutiwa mahali. Sehemu yake iliwekwa karibu na uwanja wa ndege wa St. Louis kuanzia 1946, na upepo na mvua vikayabeba hadi kijito cha Coldwater, ambacho Wamarekani wanaendelea kukisafisha mpaka leo. Mabaki mengine ya mawe ya Kongo yenye radiamu nyingi yalitunzwa karibu na Niagara Falls na huko Fernald, jimbo la Ohio. Yalitunzwa kwa sababu Wabelgiji walikuwa wamebaki na haki juu ya radiamu iliyomo. Bei ya radiamu ilipokufa, yakawa mzigo. Sehemu iliyo karibu na Niagara bado imefukiwa huko. Udongo wa Katanga umelala Marekani bila kuwa na faida kwa mtu.

Hapa nyumbani Shinkolobwe ilifungwa mwaka 1960, shimo likazibwa kwa zege. Wachimbaji wa mkono walirudi baadaye kutafuta kobalti, na 2004 mgodi uliporomoka na kuua watu.

Mnara unaopiga kama moyo

Turudi kwenye minara, kwa sababu hapo ufundi uliendelea. Kama ulivyoona jikoni, mafuta yakikaa juu ya maji yanagusana usoni tu. Ukitikisa chupa, mafuta yanavunjika kuwa matone madogo, na matone madogo yana uso mwingi wa kugusana na maji. Sumu inahama haraka. Tatizo ni hili: mnara wenye urefu wa nyumba ya ghorofa utautikisaje?

Jibu la kwanza lilikuwa kuujaza vipande vidogo. Friedrich Raschig wa Ludwigshafen, ambaye kiwanda chake kilitengeneza hiyohiyo fenoli, alibuni pete ndogo zenye urefu sawa na upana wake, mbele kidogo ya vita vya 1914. Ukizimwaga ndani ya mnara zinalala ovyo, na kimiminiko kinalazimika kupita katika njia nyingi za kona kona. Matone yanagongana na pete, yanavunjika na kupangwa upya.

Jibu la pili lilitoka kwa Mholanzi W. J. D. van Dijck, aliyepata hati ya ubunifu Marekani mwaka 1935. Wazo lake lilikuwa kuvipiga vimiminiko vyenyewe: juu kidogo, chini kidogo, tena na tena, kama moyo unavyopiga damu. Pampu inakaa nje. Ndani ya mnara hakuna chombo kinachozunguka wala kuhitaji kupakwa mafuta. Kwa kila pigo matone yanavunjika upya, na mnara mfupi unaweza kufanya kazi ya mnara mrefu.

Wazo hilo halikupata nafasi kubwa mpaka baada ya vita. Huko Hanford, kando ya mto Columbia, Wamarekani walikuwa wakitoa plutoniamu ndani ya uraniamu uliotumika. Kiwanda cha mwaka 1952 kilikuwa na minara iliyojazwa vipande, bila mapigo; ilihitaji jengo refu. Kiwanda kilichofuata, mwaka 1956, kilitumia minara ya mapigo. Mahali ambapo mtu hawezi kuingia kutengeneza mashine kwa sababu ya mionzi, mnara usio na chombo kinachozunguka ndani ulikuwa baraka. Lakini Hanford pia kuna matangi 177 ya maji machafu yenye mionzi, na kazi ya kuyamaliza ni ya miaka mingi ijayo.

Mnara uliounganisha mambo mawili, vipande ndani na mapigo kutoka nje, ulipata kazi viwandani pia. Kampuni ya DSM ya Uholanzi ni mfano. Ilianza 1902 kama kampuni ya serikali ya kuchimba makaa ya mawe, migodi yake ikafungwa kati ya 1965 na 1973, nayo ikahamia kwenye kemia. Minara ya namna hiyo iliitumia kwa kazi ya malighafi ya nailoni.

Mapigo yana kipimo chake. Yakiwa dhaifu, matone ni makubwa na sumu haihami vizuri. Yakiwa makali mno, vimiminiko vinakuwa kama maziwa, haviachani tena, na mnara unafurika. Fundi anayeusimamia anatafuta katikati, urefu wa pigo na wingi wa mapigo kwa dakika, na umeme wake haupaswi kukatika-katika. Msomaji wa Katanga anaelewa uzito wa neno hili la mwisho.

Njia inarudi Katanga

Shituru na baadaye Luilu, Kolwezi, iliyofunguliwa 1960, zilifanya kazi kwa asidi na umeme bila kiyeyushi. Mawe yetu yalikuwa tajiri, hakukuwa na haraka. Nchi zenye mawe maskini ndizo zilizotafuta njia mpya. Marekani, kampuni ya General Mills, inayojulikana zaidi kwa unga na vyakula, ilitengeneza kiyeyushi kinachoikamata shaba na kuacha chuma. Kiwanda cha kwanza kilifunguliwa mgodi wa Bluebird, Arizona, mwaka 1968. Mwaka 1974 kingine kikubwa kuliko vyote vya wakati huo kilifunguliwa Chingola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasumbalesa. Kilitoa shaba ndani ya mabaki ya migodi ya zamani, yaani ndani ya takataka.

Kwetu Gécamines ilianguka miaka ya 1990. Baada ya Sheria ya Madini ya 2002 wawekezaji walikuja na njia hiyo: Ruashi, Tenke Fungurume mwaka 2009, Kolwezi, na kwingine. Wengi hawatumii minara. Wanatumia vikasha vipana vya kuchanganya na kutuliza. Kazi ni ileile. Kiyeyushi kilichochanganywa na mafuta ya taa kinachukua shaba ndani ya maji ya asidi, kinaipeleka kwenye asidi kali zaidi, umeme unaitoa, na mabamba yanapanda lori kwenda mpakani.

Yanayobaki ndani ya maji

Sasa tuulize: yale maji yaliyonyang'anywa shaba yanaenda wapi? Sehemu inarudi kuyeyusha mawe mapya. Sehemu inatolewa kobalti, kwa sababu kobalti ina bei. Kinachobaki, manganizi, magnesi, chuma na asidi, kinatiwa chokaa na kupelekwa kwenye mabwawa ya takataka. Bwawa likijengwa vizuri na kuwekewa sakafu isiyopitisha maji, linashika. Likipasuka, msiba unashuka na mto. Tarehe 18 Februari 2025, karibu na Chambishi, Zambia, bwawa la mgodi wa shaba lilipasuka, asidi ikaingia Mwambashi na kufika Kafue. Mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo mwaka 2009 baada ya kupima mkojo wa watu zaidi ya 300 wa Katanga. Kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda, kobalti mwilini ilikuwa kati ya viwango vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa kwa wakaaji wa kawaida. Mwaka 2020 watafiti hao walionyesha uhusiano kati ya kazi ya baba mgodini na kuzaliwa kwa watoto wenye kasoro za mwili. Ndiyo hesabu ya upande wa pili, na inalipwa katika nyumba zetu.

Je, minara ya mapigo ingemaliza tatizo? Tuseme ukweli: hapana, si peke yake. Njia hii inafaa pale sumu ni nyingi ndani ya maji machache, palepale inapotoka kiwandani. Ikiisha kuingia mtoni na kuchanganyika na mvua, imechelewa. Kiyeyushi chenyewe huacha alama yake ndani ya maji, kwa hiyo lazima maji yasafishwe tena mbele ya kuachiliwa. Kinanunuliwa nje kwa dola. Kwa maji yenye sumu kidogo, chokaa na mabwawa mazuri hufanya zaidi kwa bei ndogo. Lakini kampuni inayojua kuikamata shaba kwa kiyeyushi, isubuhi hadi usiku, haiwezi kutuambia kwamba haijui jinsi madini yanavyotolewa ndani ya maji.

Maswali ya kuuliza

Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inamtwika mwenye hati ya mgodi jukumu la kulipa hasara ya uchafuzi. Sheria hiyo haitafanya kazi kama wakaaji wanafika mkutanoni na kilio peke yake. Wavuvi wa Rhine walikuwa na kilio, lakini walikuwa pia na samaki wa kuonyesha.

Kwa hiyo, siku kampuni inapoita mkutano katika kata yenu, ulizeni hivi. Maji yanayotoka baada ya kutolewa shaba yanaenda wapi, na ni kiasi gani kwa siku? Yanapimwa nini, na nani, na matokeo yanabandikwa wapi ili sisi tuyasome? Bwawa lina sakafu gani? Umeme ukikatika saa nane za usiku, nini kinazuia maji yasifike mtoni? Visima vyetu vilipimwa lini mara ya mwisho?

Andikeni majibu, tarehe, na cheo cha aliyejibu. Shaba ina watu wa kuipima hadi kilo ya mwisho kabla ya kufika Kasumbalesa. Maji ya mto yanahitaji mtu wa kuyapima pia, na kwa sasa mtu huyo ni sisi tunaoyanywa.